Siku Tisa za Mvua

Fundi aliteremka melini na ngazi yake begani, na kabla hajakanyaga hata ardhi alishaanza kumtafuta Mwalimu kwa macho. Hakumwona. Bandarini palikuwa na watu wachache tu. Wiki ya mwisho kabla ya mvua kubwa ndivyo inavyokuwa katika nchi ile ya kisiwa: wageni wote wanakimbilia kuondoka, na anayeingia ni mwenye kazi au mwenye wazimu. Upepo ulikuwa umekata kabisa. Bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria iliyopoa, mbingu ni nyeupe tupu, na joto limemkaa kila mtu shingoni kama mtoto asiyetaka kushuka.

"Unakaa siku ngapi?" aliuliza ofisa wa pasipoti bila kuinua uso.

"Mvua yote."

Hapo ofisa akainua uso. "Meli hii inarudi kesho saa sita mchana. Baada ya hiyo, hakuna nyingine mpaka miezi mitatu ipite. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Mwaka jana mlinifundisha vizuri."

Ofisa hakuelewa, au alijifanya haelewi. Akagonga muhuri, pwaa! Mwenye muhuri hahitaji kuelewa. Anagonga tu, na wewe ndiye unayekwenda kuishi na alichokigonga.

Mwaka jana Fundi alikuwa ameondoka kisiwani siku ya Jumapili, kazi yake ya kutengeneza mifereji ya paa imekwisha, aende kwao ng'ambo kumwambia dada yake mkubwa kwamba amepata mtu, achukue na suti yake nzuri, arudi Jumatano na meli ya mwisho. Jumatano alikuwa gatini tangu alfajiri, suti mkononi. Meli haikuja. Wakubwa wa bandari walikuwa wameifuta safari tangu Jumatatu, wakaandika tangazo, kisha wakalibandika ndani ya ofisi waliyoifunga kwa kufuli. Nani angelisoma, mende? Na simu? Mvua ya kwanza ya kule kisiwani, Jumatatu ileile, ilikuwa imeuangusha mnara wa simu, na wenye mnara wakachukua miezi mitatu kuusimamisha. Simu ilipopatikana, sauti ya Mwalimu haikuwa ile aliyoiacha. "Usije sasa," alimwambia. "Mama anaumwa." Kisha, miezi minne iliyopita, ukaja ujumbe mfupi: Mama hatunaye tena. Ukija msimu wako wa kazi tutaongea.

Basi amekuja. Begi lina nguo za miezi mitatu, na ile suti imo.

Alifikia palepale anapofikia kila mwaka, kwenye nyumba ya wageni ya Shangazi. Hakuwa shangazi yake. Alikuwa shangazi wa Mwalimu, mwanamke anayempenda, dada wa baba yake aitwaye Mzee, lakini mji mzima ulimwita hivyo. Alimkuta anaviringisha magodoro na kuyafunga kwa nailoni, viti vimepandana mezani miguu juu.

"Ngazi!" Shangazi alipiga kelele. Ndilo jina walilompa huko, kwa urefu wake na kwa kuwa hajawahi kuonekana bila ngazi. "Umekuja na mkeo?"

"Nimekuja naye. Ndiye peke yake anayenivumilia."

"Basi mlaze nje, humu ni nyumba ya watu wenye heshima." Akacheka, kisha kicheko kikafa ghafla. Akaliachia godoro. "Baba, keti kidogo."

"Nitaketi nikirudi. Nataka kwenda kutoa pole kwa Mzee."

"Usiende."

"Shangazi, mama wa nyumba amefariki, mimi nisiende?"

"Nakwambia usiende. Kaka yangu anasema bomba lako ndilo lililomuua mkewe."

Fundi aliketi, bila kutaka, juu ya lile godoro.

Kwenye kisiwa kile watu wanakunywa maji ya paa. Mto hakuna. Kisima kiko kimoja, karibu na ufukwe, na maji yake yana chumvi. Kila nyumba ina tangi lake la saruji. Mvua ya kwanza inaachiwa imwagike nje, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha mtu anapanda na kulielekeza bomba kwenye tangi, na maji yanayoingia hapo ndiyo ya mwaka mzima. Fundi alikuwa amemtengenezea Mzee kitu cha kipekee: kiwiko cha bati kinachozunguka, mtu anakisukuma kwa kidole tu, maji yanageuka. Mzee alikuwa amekisifia kwa majirani wote.

Hakumsikiliza Shangazi. Alipandisha kilima, ngazi yake begani, begi mkononi.

*

Nyumba ya Mzee iko juu ya bandari, paa lake la buluu linaonekana tangu baharini. Barazani, Mwalimu alikuwa amekaa chini na lundo la vitabu vya watoto wa darasa la kwanza, anavivalisha nailoni kimoja kimoja visije vikalowa. Alisikia hatua. Akaijua hatua. Mkono uliokuwa unakunja nailoni ukasimama hewani.

Walitazamana. Mwaka mzima Fundi alikuwa ameyabeba macho yale kichwani, akilala nayo, akiamka nayo, na sasa aliyaona yamezungukwa na weusi kama wa mtu aliyetoka homani. Alikuwa amekonda. Gauni lake jeupe la kazini lilimning'inia mabegani. Lakini alipomtazama, kwa nukta moja tu, uso wote ulifunguka kama dirisha, kisha ukajifunga haraka haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba ndani kuna mgonjwa.

"Umekuja," alisema polepole.

"Uliniambia nije."

"Ndiyo." Akakiweka kitabu chini. "Pole na safari, Fundi."

Fundi! Mwaka jana alikuwa anamwita Ngazi, tena kwa kuivuta ile sauti ya mwisho, akicheka.

"Nani huyo?" sauti ya Mzee ilitoka upande wa tangi.

Mzee alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno yaliyopimwa. Magoti yalimharibikia, sasa alitembelea fimbo. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya tangi tupu, kama mlinzi wa kitu kilichokwisha kuibwa.

"Shikamoo, Mzee. Poleni sana kwa msiba."

Mzee hakuitikia. Alimtazama kuanzia viatu.

"Una moyo mgumu," alisema mwishowe. "Mimi nisingerudi."

"Mzee, nimeambiwa kwa Shangazi, lakini sijaelewa."

"Utaelewa sasa hivi. Mwaka jana ulimwambia binti yangu bomba lisiguswe mpaka urudi Jumatano. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Mvua ikaanza Jumatatu. Nikamwambia huyu, mwanangu, kageuze bomba. Akaniambia fundi anakuja Jumatano. Sawa, nikasema, kitu kipya, tumsubiri mwenyewe. Jumatano hukuja. Nikamwambia panda. Akapanda, akashuka: 'Limegoma, Baba.' Kesho yake nikamwambia niite jirani? Akasema usisumbue watu, nitalijaribu tena. Akapanda na mafuta. Limegoma. Kila siku limegoma. Mvua inapiga usiku na mchana, mimi nasikia maji ya mwaka mzima yanamwagika shambani, na magoti haya hayapandi hata kitandani! Siku ya tisa akalipiga kwa nyundo, ndipo likazunguka. Siku ya kumi jua likatoka." Mzee akapiga tangi kwa fimbo. Likalia utupu. "Halikurudi tena wingu. Mwaka jana mvua ilikuwa siku tisa. Siku tisa basi!"

Fundi aligeuka kumtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, kitabu cha mtoto kifuani, ameinamisha kichwa.

"Wewe unajua mama yake alikuwa anaumwa figo," Mzee aliendelea, na sasa sauti ilianza kumsaliti. "Daktari alisema asionje chumvi. Majirani walitupa walichoweza, kila mtu akiyapima ya tangi lake. Kilichobaki tulichota ufukweni. Nikaenda ofisini kwa wakubwa, wakaniahidi gari la maji. Lilikuja siku tuliyomzika. Watu walinawia mikono."

Juu ya kilima mtu mmoja alikuwa anasugua paa lake kwa fagio la chelewa, kwaru, kwaru, kwaru.

"Panda," alisema Mzee. "Weka hiyo ngazi yako, upande, ulitazame bomba lako. Kisha ushuke uniambie usoni kwangu lilikuwa na nini."

*

Alipanda. Alikanyaga paa, akachuchumaa ukingoni, akanyoosha kidole, akakisukuma kile kiwiko.

Kikazunguka. Laini, bila sauti, kama kilivyozunguka siku aliyokifunga.

Akakirudisha. Kikarudi. Akakigeuza huku na huku akikitafuta alama, maana bati jembamba halisahau nyundo, hata ukiligonga mara moja litakuonyesha ulipoligonga mpaka siku litakapooza. Hakukuwa na bonde wala mkwaruzo. Palikuwa na kitu kimoja tu: kipande cha kitambaa chekundu. Mwalimu alikifunga pale mwenyewe mwaka jana, siku ile ya Jumapili, kuzunguka kiwiko na bomba pamoja. "Tutakifungua wote wawili," Fundi alikuwa amemwambia, akijiona mjanja wa mapenzi. "Siku nitakayozungumza na Mzee. Maji yaingie ndani na mimi niingie ndani." Sasa kitambaa kilikuwa kimefunguliwa taratibu, bila kukatwa, kikafungwa tena kwenye msumari wa pembeni.

Ngazi ilitikisika. Mwalimu alikuwa anapanda, spana mkononi.

"Nampelekea spana, Baba," alisema kwa sauti ya kusikika chini. Alipofika usawa wa paa, nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba Fundi aliona vumbi kwenye kope zake. "Umeshaona," akanong'ona.

"Halikugoma."

"Halikugoma hata siku moja."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu ulisema tutaligeuza wote." Machozi yalimtoka bila uso kukunjamana, kama maji yanayovuja tu. "Nilikuwa napanda nakishika kile kitambaa, najiambia, nikikifungua leo, nimekiri kwamba haji. Kesho atakuja. Nilikuwa naangalia bahari kutoka hapahapa. Mvua inanipiga, naangalia bahari. Nilijua mvua ni miezi mitatu, siku mbili tatu si kitu. Nani alijua zitakuwa tisa?"

"Mimi ndiye niliyesema lisiguswe."

"Ulisema Jumatano. Jumatano ilikuwa siku ya tatu. Sita zilizobaki ni zangu."

Fundi alitaka kumshika mkono. Paa, ngazi na baba yake mzazi vilikuwa katikati. Akaishika spana aliyoishika yeye, basi, wakawa wameshika chuma kimoja.

"Nilikuja kukuoa," alisema. "Suti imo kwenye begi."

"Najua. Nilipoona begi nilijua." Alifuta shavu kwa bega. "Nimekuita nikuambie mwenyewe, si kwa simu. Na leo nitamwambia Baba. Nimeshindwa mwaka mzima. Analala analitaja jina lako kwa laana, mimi naufunika uso kwa shuka. Nitamwambia ukiwa hapa, halafu na iwe itakavyokuwa."

"Mbona kimya huko juu?" Mzee aliita. "Mnatengeneza au mnasali?"

"Tunafungua skrubu, Mzee!" Fundi alijibu, kisha akateremsha sauti. "Ukimwambia, atafanya nini?"

"Hatanipiga. Atanitazama. Kila nikimpelekea kikombe cha maji atanitazama." Akaligusa bati la paa. "Kisha ataacha kuyanywa."

"Ana nani mwingine?"

"Hana. Ana mimi tu."

Fundi alitazama chini. Aliuona upara wa Mzee ukimeta jasho, fimbo magotini, mkono mmoja umewekwa juu ya saruji ya tangi kama juu ya bega la mtu. Mtu yule alikuwa na kitu kimoja cha kuchukia na kitu kimoja cha kupenda, na mpaka sasa vilikuwa vitu viwili tofauti.

"Basi usimwambie," alisema.

"Ngazi..." Hatimaye alilitamka.

"Na anilaumu mimi. Mimi nina meli kesho. Wewe una nyumba hii mpaka mwisho."

"Ukisema ni wewe, hutaingia tena hapa. Unaelewa? Hataniozesha kwako hata nikilia damu."

"Naelewa."

"Na mimi sitaweza kuolewa na mtu ambaye baba yangu anaamini..."

"Naelewa, mpenzi. Shuka kwanza, ngazi haibebi wawili."

Hakushuka upesi. Alimtazama, akamtazama tena, kama mtu anayesoma barua ambayo atatakiwa kuirudisha. Kisha akaiachia spana.

*

Fundi alisimama mbele ya Mzee, kiwiko mkononi. Alikuwa amekifungua chote, akafunga mahali pake bomba la kawaida la kunyanyua kwa mkono na kutundika kwenye ndoana, kama ya majirani.

"Nililikaza vibaya, Mzee," alisema. "Bati lilivimba kwa joto likashikana. Kisha nikamwambia mtoto wako asiliguse, kwa maringo ya ufundi. Kosa ni langu. Sina la kujitetea."

Nyuma yake alisikia vitabu vikianguka barazani.

"Baba," sauti ya Mwalimu ilitoka ikikwaruza. "Baba, sikiliza..."

"Mwalimu!" Fundi aliita kwa ukali, kama watu wa kazi wanavyoitana hatari inapotokea juu ya paa. "Niletee maji ya kunywa. Tafadhali."

Hakukuwa na maji ya kumpa mgeni, wote watatu walijua. Mzee alimwinulia mkono binti yake, mkono wa kumlinda, wa kumwambia usijisumbue na mtu huyu.

"Mwache," Mzee alisema, na sauti yake, ajabu, ilikuwa imelainika. Mwaka mzima alikuwa akimwuliza mtu asiyekuwepo, na leo amejibiwa. "Angalau umesema kweli. Wakubwa wa ofisini hawajawahi kuniambia hivyo, hata mmoja." Akavuta pumzi ndefu. "Nilikuwa nakupenda, kijana. Nilijua unachokitafuta hapa, na nilikuwa nimeshajiandaa kukujibu ndiyo. Sasa nenda. Nisikuone tena."

Fundi aliinama, akachukua begi. Ngazi aliiacha pale ukutani.

"Umesahau ngazi yako," Mzee alisema.

"Sijasahau. Bomba hilo linahitaji mtu apande."

*

Kesho yake kabla ya saa sita, Shangazi alimsindikiza mpaka gatini, akiwa amejifunika khanga kichwani kwa jua lisilokuwepo. Mbingu ilikuwa imeshuka, imekuwa nyeusi upande wa bahari, na hewa ilinukia vumbi lililokwisha kuonja maji.

"Mwezi uliopita nilipanda kwa kaka yangu kufagia majani," Shangazi alisema, akitazama kwingine. "Nilikisukuma kile kidude chako. Kilizunguka kwa kidole."

Fundi alilihamisha begi mkono wa pili.

"Nikashuka, nikanyamaza. Nani ningemwambia? Nikakuachia wewe uibebe lawama, baba, kwa kuwa uko mbali. Nisamehe." Akamkamata mkono kwa nguvu. "Sikujua kwamba utaibeba kwa miguu yako mwenyewe mpaka mlangoni."

"Mwalimu amelala vipi?"

"Hajalala. Lakini leo asubuhi Mzee alimwomba chai, akanywa, akaomba ya pili. Tangu msiba hajawahi kuomba ya pili."

Ofisa alikuwa yule yule. Aliitazama pasipoti, akamtazama mwenyewe. "Jana ulisema mvua yote."

"Imeshaninyeshea."

Pwaa!

Meli ilikuwa imeachana na gati kwa mita mia mbili tone la kwanza lilipoanguka, zito, la uvuguvugu, likafuatwa na mengine. Abiria wakakimbilia ndani wakisukumana. Fundi alibaki kwenye reli, kile kiwiko cha bati kimo mfukoni mwa koti la suti, koti ambalo alilivaa kwa kuwa hakuona siku nyingine ya kulivaa. Alilitafuta paa la buluu juu ya kilima. Akaliona. Maji yalikuwa yanalifua, yanamwagika nje kama inavyotakiwa, vumbi la mwaka mzima linakwenda zake.

Alimwomba Mungu jambo moja, na aliliomba kinyume na moyo wake wote: asisubiri.

Meli ilikuwa karibu na mdomo wa ghuba alipomwona. Kitu cheupe, kidogo kama kucha, kinapanda ngazi ukutani. Kikafika juu. Kikasimama kwa muda, kimeelekea baharini, na Fundi akajikuta ameinua mkono, ingawa alijua haonekani. Kisha kile cheupe kikageukia bomba, kikalinyanyua, kikaliingiza kwenye tangi.

Siku ya kwanza ya mvua. Hakuisubiri ya pili.

"Ndiyo hivyo, Mwalimu," alisema Fundi, na akaketi palepale juu ya sitaha, ndani ya suti yake, mpaka mvua ikaifunika nchi nzima.